Mwalimu Safina na Chai ya Njano

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Ukungu ulilala hapa Ikuti, wilayani Rungwe, mpaka saa tatu asubuhi, ikafuata mvua nyembamba isiyo na upepo, ile inayomfanya mtu asijue kama akimbilie barazani au aendelee na kazi. Baada ya saa sita ikakatika. Jua halikutoka, lakini migomba ya ng'ambo ya kijito ilionekana wazi.

Siku hiyo Mzee Andongwisye alikuwa anakuja kuchukua shamba lake.

Shamba lenyewe si kubwa. Ni kipande kilichopakana na shule yetu ya sekondari ya kata, kinashuka taratibu kuelekea kijitoni. Mzee aliiazimisha shule kipande hicho mwaka 2023, bure, kwa maneno ya mdomo tu, ili wanafunzi wa somo la kilimo wapate mahali pa kushika jembe. Kilichotolewa kwa mdomo hurudishwa kwa mdomo, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumlaumu. Lakini shule haina ardhi nyingine. Mwalimu Safina, anayefundisha somo hilo, angerudi pale alipokuwa siku za kwanza alipofika kwetu: kuchora mizizi ubaoni, watoto wakiinakili madaftarini, na nje ya dirisha migomba ya kweli imesimama inawatazama.

Nimetaka kuandika habari za mwalimu huyu kwa sababu mwanangu Tulia anasoma kwake, na kwa sababu migomba ya nyumbani kwangu haizai tena kama ilivyokuwa ikizaa zamani, bali zaidi. Mtu aliyekufaa ni vizuri umtaje angali anasikia.

Safina Husseni si mtoto wa mkulima. Alizaliwa Tukuyu mjini, katika mtaa unaoitwa Bagamoyo, ambako baba yake alikuwa na duka la vitu mchanganyiko: kanga, misumari, mafuta ya taa, na pembeni magunia ya mbolea yaliyofunguliwa ili yauzwe kwa kilo. Wakulima walikuja kutoka Kyimo na vijiji vingine, wakaagiza mbolea kwa rangi. Huyu anataka ile nyeupe, yule anataka ile ya kahawia, ya chai. Safina akiwa msichana mdogo alikuwa anachota kwa kopo na baba anapima. Siku moja mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akamwuliza, "Mwanangu, ipi inafaa migomba?" Safina akamgeukia baba yake. Mzee Husseni alikuwa mtu mkweli. Akasema, "Mama, mimi najua bei zake. Zikishaingia ardhini zinafanya nini, sijui." Yule mama akacheka, akachukua nyeupe kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wake.

Kisa hicho Safina hukisimulia kila mwaka anapoanza mada ya chakula cha mimea. Husema alikwenda kusomea kilimo ili siku moja amjibu yule mama. Hajamwona tena mpaka leo, kwa hiyo anawajibu watoto wetu.

Njia yake ya kufundisha ilitushangaza wazazi. Mara tu alipofika, alimtaka kila mwanafunzi alete udongo wa aina mbili kutoka kwao: wa mgomba ulio karibu na jiko, na wa mgomba ulio mbali kabisa na nyumba. Watoto wakaja na udongo kwenye makopo na kwenye majani ya migomba, wakaupanga juu ya madawati, wa jikoni kando ya wa mbali. Tulia aliniambia kwamba hata kabla mwalimu hajasema neno, darasa zima lilikuwa limeshaona. Wa jikoni ulikuwa mweusi na laini. Wa mbali ulikuwa umepauka, na vijiwe vyepesi vya mlimani vimejaa ndani yake.

"Nani anaulisha mgomba wa jikoni?" Safina akauliza.

Jackson, kijana wa maneno ambaye baba yake ana shamba la chai juu ya barabara, akanyoosha mkono. "Mama, Madam."

"Na wa mbali?"

"Wa mbali ni wa baba. Ndiyo maana una njaa."

Walicheka sana, naye akacheka, kisha akaliandika jibu la Jackson ubaoni kama lilivyo na kufundisha kutokea hapo. Jioni ile Tulia alianza kubeba maganda na samadi mpaka mwisho wa shamba letu, mahali ambapo tangu nioe hapajawahi kupelekwa kitu isipokuwa panga. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema, "Baba, ile ya huko nayo inakula."

Sasa nisimulie ya chai, kwa maana kosa lililomleta Mzee Andongwisye lilitoka katika mafundisho hayo hayo mazuri.

Wanafunzi walipanda miche ya chai kwenye kipande kile mwishoni mwa mwaka 2023, mvua zilipokolea. Ikashika. Mwaka uliofuata, sehemu ya katikati ikaanza kugeuka njano. Majani yakajikunja, ncha zikakauka, huku miche ya pembeni ikiwa kijani kabisa. Safina akafanya kama alivyofundishwa chuoni. Akatembea shamba zima, akachota udongo kidogo hapa na kidogo pale, akauchanganya wote kwenye ndoo moja, akaupima kwa dawa yake ya kichupa, ile inayobadilika rangi kufuata uchachu wa udongo. Dawa ikaonyesha uchachu wa kadiri, ule ule ambao chai inaupenda. Akaona basi tatizo si uchachu. Miche ina njaa.

Na mtoto wa Rungwe akiambiwa mmea una njaa, ana jibu moja. Huku kwetu majivu ya jikoni hayatupwi. Msichana akiamka, anazoa majivu na kuyapeleka shinani mwa migomba kabla hajafanya kazi nyingine yoyote. Mwanamke anayeyamwaga njiani husemwa.

"Tulete majivu, Madam?" wakamwuliza.

"Leteni," alisema.

Wakaleta Januari yote ya mwaka huu. Ya nyumbani kwangu niliyazoa mwenyewe nikamjazia Tulia ndoo, nikajiona nimesaidia elimu. Februari haijaisha, miche iliyokuwa njano ikafa, na iliyokuwa kijani kando yake ikaanza kuwa njano.

Mzee Andongwisye aliiona akipita. Hakugomba na mtu. Alikwenda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Yohane, akamweleza jambo ambalo hakuwahi kulisema alipotoa shamba: kwamba katikati ya kipande kile ndipo ilipokuwa nyumba ya mama yake, marehemu Ambindwile. Mama huyo hakupenda chai. Watu walipoanza kung'oa migomba ili wapande chai, alikataa mpaka anaingia kaburini. Alipofariki, nyumba ikaanguka, na Mzee akaing'oa migomba ile apande mahindi. Halafu akaipa shule, na shule ikaja na chai.

"Mama amekataa," Mzee alimwambia mkuu wa shule. "Jumanne nakuja na jembe. Nang'oa, narudisha mahali pake pakae kimya."

Jumatatu Safina akawapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu shambani na kamba za maganda makavu ya mgomba. Kila mche uliokufa au ulio njano ukafungwa kamba. Jackson alimwuliza faida yake nini kama kesho shamba linachukuliwa. Safina akamjibu, "Angalau tujue tunanyang'anywa nini."

Basi Jumanne saa nane tukakutana pale: mkuu wa shule, wanafunzi, mimi kwa upande wa wazazi, na Mzee Andongwisye, jembe begani. Nyuma yake akaja dada yake mkubwa, Bibi Alinanuswe, anayekaa nyumba ya pili kutoka shuleni. Bibi anatembea kwa fimbo lakini hakuna jambo la ukoo linalofanyika bila yeye.

"Mugonile, Bibi," Safina alimwamkia kwa Kinyakyusa alichojifunzia dukani kwa baba yake.

"Ugonile, mwalimu. Umekonda."

"Nimefunga, Bibi. Ni Ramadhani."

Bibi akainyooshea fimbo miche ya njano. "Na hawa nao wamefunga?"

Watoto wakaficha vinywa. Hata mkuu wa shule akatazama pembeni. Safina hakucheka. Alimsogelea Mzee, akasimama mbele yake kama anavyosimama binti mbele ya baba.

"Baba, kabla hujang'oa, naomba neno. Majivu yale niliyaagiza mimi, si watoto. Nilikosea mahali, na mpaka sasa sijajua ni wapi. Naomba unipe muda kidogo nijue, ili nisiwafundishe wengine kosa hilo. Nikishajua, shamba ni lako, nitakusaidia kung'oa."

"Muda wa nini tena?" alisema Mzee. "Mama alipokuwa akikataa kitu hakupewa muda wala hakuomba."

"Mpe," alisema Bibi Alinanuswe.

"Dada, mimi nina kazi."

"Kazi gani? Umeliona jembe mwaka huu leo tu. Mpe."

Mzee akalishusha jembe, akaliegemea.

Tulikuwa tumesimama upande wa juu, karibu na ukuta wa darasa, na kutoka pale shamba zima linaonekana. Tulia ndiye aliyesema kwanza. "Madam, mbona kamba zimepinda?"

Tukatazama. Kamba za maganda zilikuwa zimepauka juu ya majani na zilionekana vizuri. Siku zote tulikuwa tukisema chai imekufa katikati. Haikuwa katikati. Ilikuwa imekufa kwa kuzunguka, kuanzia kushoto, ikapanda juu, ikashuka kulia, na ndani ya mzunguko huo kulikuwa na miche iliyosimama salama.

"Ni mwezi, Madam," Jackson akasema. "Umeandama. Kesho Idi."

"Wewe utaila Idi ya nani, hata siku moja hujafunga," Safina alimjibu, lakini macho yake hayakutoka shambani. Kisha akauliza polepole, "Bibi, nyumba ya mama ilikaaje?"

Bibi akashuka. Wasichana wawili wakataka kumshika mkono, akawaondoa. Akaenda mpaka ndani ya ule mzunguko, kwenye chai iliyo kijani, akasimama akigeukia kijito.

"Mlango ulikuwa hapa. Ulitazama maji. Jiko hapa. Huku walilala ng'ombe, maana zamani tulilala nao." Halafu akaanza kutembea nyuma ya ilipokuwa nyumba, upande wa juu, taratibu, fimbo ikigonga chini. "Huku nyuma ndiko ilikokuwa migomba yake. Mimi na marehemu mdogo wangu tulikuwa tunazungusha majivu kila asubuhi kabla ya kwenda kuchota maji. Unaanzia upande huu, unazunguka hivi, unamalizia kule. Ukiyamwaga mbele ya nyumba unachapwa."

Alikuwa anasema huku anakwenda, wala hakuwa anazitazama kamba. Lakini fimbo yake ilipita kamba moja baada ya nyingine, kutoka kushoto mpaka kulia, hakuna hata moja iliyoachwa.

Safina akapiga magoti kwenye udongo uliolowa, akachota udongo wa pale Bibi alipopita, wa pale tu, akautia kwenye kisahani. Akamtuma Tulia alete wa pembeni kwenye chai nzuri, nao akautia kwenye kisahani chake. Akatia maji na dawa. Wa pembeni ukageuka rangi ya chungwa. Wa nyuma ya nyumba ukawa kijani, ukaendelea mpaka ukakaribia samawati.

Akavisogeza visahani vile viwili, kimoja kando ya kingine.

"Nilichanganya," alisema. "Ndoo moja. Udongo wa shamba lote ukaufunika huu." Akawageukia wanafunzi. "Mmeona kosa langu? Chai inataka udongo mchachu. Majivu yanaondoa uchachu. Mahali hapa palikuwa na majivu ya miaka na miaka, na mimi nikawaambia muongeze. Mgomba ungefurahi. Chai inakufa njaa na chakula kiko mbele yake, kwa sababu katika udongo huu haiwezi kukila. Andikeni hivyo, na muandike kwamba mwalimu alichanganya udongo ambao haukutakiwa kuchanganywa."

"Tuandike jina lako, Madam?" Jackson akauliza.

"Andika. Na lako uandike, wewe uliyeleta ndoo tatu."

Mzee Andongwisye alikuwa ameshuka na yeye. Akasimama juu ya visahani. "Nieleze polepole," alisema. "Maana yake mama hajakataa?"

Mimi, ningekuwa mahali pa Safina, ningejibu haraka kwamba hajakataa, shamba lipone. Yeye hakufanya hivyo.

"Baba, hilo siwezi kulipima kwa kichupa," alisema. "Ninachoweza kukuambia ni kwamba mama aliilisha ardhi hii. Hayupo miaka mingi, nayo bado imeshiba. Sisi tumekuja na mgeni ambaye hali chakula hicho, tukamlazimisha. Mgomba ukirudi hapa utakula alichoacha mama."

Mzee akainama, akachota udongo, akaunusa, akausugua kati ya vidole.

"Nilipoing'oa migomba ile," alisema, kama anazungumza na udongo wenyewe, "mahindi yalikuja mazuri mno. Watu walikuja kutazama. Nikadhani ni ujanja wangu."

"Ujanja wako," alisema Bibi Alinanuswe. "Ni mgongo wangu."

Hapo tukacheka wote, naye Mzee akacheka mpaka akapangusa macho kwa mkono wenye udongo, akajipaka usoni. Alipotulia akalichukua jembe. Hakuwa amesema neno lolote kuhusu shamba, na mkuu wa shule alikuwa anaogopa kuuliza. Mzee akaung'oa mche wa kwanza uliofungwa kamba. Akaung'oa wa pili. Akaenda hivyo akifuata mzunguko, na alipofika kwenye mche wa kijani akauruka.

"Na hii mingine?" dada yake akamwuliza.

"Hii mingine ni ya shule. Si nilishawapa?" Mzee alijibu kama mtu anayeulizwa swali la kipuuzi. "Nilisema nang'oa iliyokataliwa. Iliyokataliwa ni hii. Nyie watoto mnatazama nini, hamna majembe?"

Kazi iliyofuata sikuwahi kuiona shuleni pale. Mzee aliwatuma vijana nyumbani kwake kuchukua machipukizi ya migomba. Kumbe alipoing'oa migomba ya mama yake aliokoa mashina machache, akayahamishia nyuma ya nyumba yake, na yamekuwa yakizaliana huko tangu wakati huo. Yakarudi begani kwa Jackson na wenzake. Safina akapanga mashimo, akawaonyesha kiasi cha samadi, akasema majivu hapana, kwa miaka mingi ijayo hapana. Akaacha nafasi kati ya migomba na chai ili chakula cha mmoja kisiwe sumu ya mwingine. Mzee akatoa sharti moja tu.

"Mkungu wa kwanza ni wa dada."

"Sawa, Baba. Maganda yarudi shambani."

"Yatarudi," alisema Mzee, akamgeukia mkuu wa shule. "Huyu mwalimu wenu ni mchoyo wa maganda." Alilisema kwa sauti ya mtu anayesifu.

Safina alichimba pamoja na watoto mpaka Bibi alipomwita akae. Bibi alikuwa amerudi nyumbani kwake na kuja na ndizi zilizopikwa, zimefungwa katika jani, bado zina mvuke. Akamwekea mapajani. Safina akazishika kwa mikono miwili.

"Najua umefunga," alisema Bibi. "Utakula jua likizama. Hata kama leo halikutoka, kuzama litazama."

"Ndaga fijo, Bibi." Ndiyo asante sana ya kwetu.

"Ndaga na wewe. Utoto wangu wote nilibeba majivu yale. Nilikuwa sijui yalikwenda wapi."

Safina akainamisha kichwa, na nadhani alikuwa analia kidogo, ingawa mvua nyembamba ilikuwa imeanza tena na sikuweza kuwa na hakika. Kabla hajapanda pikipiki kurudi Bagamoyo kufuturu, alimshukuru kila mmoja wetu. Alimshukuru Mzee kwa shamba, Tulia kwa macho yake, watoto kwa kamba. Alinishukuru hata mimi kwa majivu, nikamwambia majivu yangu yaliua chai. Akasema, "Yasingeua, tusingejua."

Nimeyatafakari maneno hayo. Mwalimu wa namna hiyo tumepewa, na sisi hatukumwomba kwa barua wala kwa mkutano. Alitumwa tu akaja, akakuta kata yenye ukungu na watoto wanaojua kulima bila kujua kwa nini, akakaa. Shamba limebaki. Kila nikipita naona chai ya kijani na migomba michanga nyuma ya nyumba ambayo haipo, nami namshukuru Mungu.

Jumatano asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Nilisimuliwa baadaye kwamba Safina alikula daku kwao Bagamoyo, akazoa majivu ya jiko la mama yake, ambayo siku zote hutupwa kwenye taka za mjini, akayatia kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, akapanda pikipiki. Alifika Ikuti kengele ya shule haijalia. Hakuingia langoni. Alipita moja kwa moja mpaka kwa Bibi Alinanuswe, akazunguka nyumba kimya asimwamshe, akayamwaga majivu kwenye migomba ya nyuma, kuanzia upande wa kushoto mpaka kulia. Kisha akaenda darasani.